Deki Imekufa, Kumbukumbu Zetu Je?

Mama mwenzetu mmoja hapa Singida mjini alikuwa anamwoza binti yake. Siku tulipokutana kupanga sherehe ya kumuaga, alifungua sanduku lake la bati, akatoa kitu kilichoviringishwa katika kipande cha kanga. Sisi wa rika lake tulikitambua mara moja: kanda ya video. Ilikuwa kanda ya harusi yake mwenyewe, ya mwaka 1997. Ndani yake mama yake mzazi, aliyefariki mwaka 2003, anasimama mbele ya wakwe na kumpa binti yake usia.

"Nataka mwanangu amsikie bibi yake kabla hajatoka nyumbani kwangu," alisema.

Tukamwuliza deki iko wapi. Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. Deki yao, waliyoinunua kwa fedha za alizeti za msimu mzima, iliuzwa kwa fundi kama spea pale mashine za CD zilipoingia. Ndipo sote tukakumbuka kuwa na sisi tuna kanda ndani: ubatizo, kipaimara, maziko ya wazee. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na chombo cha kuzichezea.

Vyombo vinavyopita

Mpenzi msomaji, hebu tukumbuke tulikotoka. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya mwanzo ya 1970, lakini huku Bara hatukuwa na kituo hadi mwaka 1994. Kwa hiyo katika nyumba nyingi deki ilitangulia matangazo. Mwenye deki, televisheni na jenereta alikuwa na wageni kila Jumapili jioni, na watoto wa jirani walijaa hadi dirishani.

Kanda tulizozizoea ni za VHS, mtindo ulioanzishwa na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976. Mwaka mmoja kabla yake Sony walikuwa wametoa Betamax. Mitindo hiyo miwili haikuingiliana: kanda ya huyu haikuingia katika deki ya yule. VHS ilishinda, na waliokuwa na Betamax wakabaki na kanda zisizo na mashine. Hilo lilikuwa onyo la mapema, ila sisi hatukulisikia.

Baadaye zikaja VCD. Sinema moja ilikaa katika diski mbili, na ilibidi mtu anyanyuke katikati kubadilisha. Zikafuata DVD, ambazo diski moja ilibeba sinema nzima na nafasi ikabaki. Mashine ya DVD kwa kawaida ilicheza na VCD za zamani, lakini mashine ya VCD haikuweza kucheza DVD. Ndivyo tulivyoziona sinema za Nigeria, na za hapa nyumbani za akina Steven Kanumba. Katika vibanda vya video vijana walimsikiliza Lufufu akiwasimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili. Leo watoto wetu wanajaziwa sinema kwenye flashi, au wanaziangalia kwenye simu.

Mwezi Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo. Vipuri vilikuwa vimeadimika na wanunuzi wamepungua. Tangu hapo kila deki inayoharibika duniani ni moja iliyopungua. Mwaka 2019 UNESCO nayo ilitoa tahadhari kwamba kuanzia mwaka 2025 ingekuwa vigumu sana kuzicheza kanda za sumaku, kwa kukosa mashine na mafundi. Mwaka huo tayari tumeupita.

Siku tuliyoicheza kanda

Tulitafuta deki kwa wiki tatu. Tuliuliza wenzetu wa Ikungi, Ilongero na Kiomboi. Wapo waliokuwa nazo zimewekwa juu ya kabati kama mapambo, zimejaa vumbi letu la kiangazi, haziwaki. Mwishowe kijana mmoja fundi, karibu na soko, akatuambia anayo moja. Alifungua mfuniko, akasafisha hedi kwa spiriti, kisha akaijaribu kwanza kwa kanda isiyo na thamani.

"Mama zangu, kanda yenu isiwe ya kwanza," alisema. "Deki yenye njaa hula kanda."

Tulikuwa wanne, pamoja na bibi harusi mtarajiwa na kaka yake mkubwa. Kanda ilipoanza hatukuona harusi. Tuliona watu wawili wakipigana karate juu ya paa.

Mwenzetu alidhani amechukua kanda siyo. Lakini kaka mtu aliinamisha kichwa. Zamani, akiwa mvulana wa shule, aliazima deki ya pili kwa rafiki yake ili anakili sinema. Alichukua kanda ya kwanza aliyoiona kabatini. Kwa miaka yote hiyo hakujua ilikuwa na nini ndani, na mama yake hakuwahi kuifungua tena kuitazama.

Tulitaka kuondoka. Fundi akatuzuia: "Subirini. Kanda hii ni ya saa tatu, na sinema kama hizi hazifiki saa mbili." Tukakaa. Karate ikaisha, mistari myeupe ikapita kwenye kioo, na ghafla tukasikia vigelegele. Kanisa lilikuwa limekwisha kupita, keki imekwisha kukatwa. Mama mzee wa kitenge cha kijani alikuwa amesimama, kipaza sauti mkononi, akizungumza Kinyaturu. Alikuwa ameshaanza, na mwanzo wa usia wake haukuwapo.

Zilibaki dakika sita. Binti, ambaye Kinyaturu chake ni cha salamu tu, alimwomba mama yake amfasirie. Mama alijaribu mara mbili, akashindwa kwa machozi. Fundi akarudisha kanda nyuma ili asikie tena. Mwanzo wa usia, alipotaja majina ya mababu na kila mmoja alikotoka, umefutika na hautarudi. Yule aliyeyajua majina hayo yote hayupo tena.

Kijana alimwomba mama yake radhi. Mama alimjibu hivi: "Wewe ulikuwa mtoto. Mimi niliyejua thamani yake ndiye niliyeiacha kabatini bila alama."

Tujifunze nini?

Kanda za VHS zilikuwa na kidude kidogo cha plastiki kwenye ukingo wa nyuma. Ukikivunja, deki inakataa kurekodi juu yake. Kazi ya sekunde moja! Wengi wetu hatukuambiwa, na walioambiwa waliahirisha. Kwa hiyo, mama mwenzetu, kabla ya lolote, vunja kidude hicho kwenye kila kanda ya familia, na andika juu yake kilichomo na mwaka.

Pili, usingoje. Wataalamu wa kumbukumbu hukadiria maisha ya kanda ya sumaku kuwa kati ya miaka 10 na 30. Harusi za miaka ya 1990 zimeshafika huko. Wakati unatafuta fundi, simamisha kanda wima kama kitabu, ndani ya boksi lake, mbali na jua, vumbi na spika. Kanda yenye ukungu usiiingize katika deki yoyote. Mwonyeshe fundi kwanza.

Tatu, ihamishe. Fundi huunganisha deki na kompyuta kwa nyaya tatu, wa njano kwa picha, mwekundu na mweupe kwa sauti, kupitia kifaa kidogo cha kunasia picha. Hakuna njia ya mkato: kanda ya saa tatu huchukua saa tatu. Kaa naye, au mpeleke mtu mnayemwamini, maana kanda hiyo haina nakala. Kazi ikiisha, itazameni mwanzo, katikati na mwisho, kisha urudi na kanda yako nyumbani. Usiitupe.

Nne, usiweke yote mahali pamoja. Flashi hupotea sokoni, simu huibiwa, na CD za kurekodia huharibika kwa joto na jua. Weka nakala moja nyumbani, nyingine kwa ndugu wa mji mwingine, na ya tatu kwenye diski ngumu ya kompyuta. Kila baada ya miaka michache zifunguliwe zote, na chombo kikianza kupitwa na wakati zihamishiwe kwenye kingine.

Tano, wakalisheni wazee sasa. Simu iliyo mkononi mwako inarekodi. Muulize mama mkwe majina ya mababu, wimbo wa kubembelezea watoto, na namna walivyohifadhi mtama wakati wa njaa. Mwache aseme kwa lugha yake.

Siku ya kumuaga binti, zile dakika sita zilionyeshwa ukumbini. Mwenzetu alisimama kando ya televisheni akifasiri sentensi moja moja, safari hii bila kukatika. Kaka mtu ndiye aliyeshika rimoti. Alikuwa ameshatengeneza nakala nne, na juu ya kila moja ameandika kwa kalamu isiyofutika jina la bibi yake na mwaka 1997.

Sisi tuliporudi nyumbani usiku ule, kila mmoja wetu alifungua sanduku lake.