Kipimo cha Mchakamchaka

Mgeni akija na saa ya kisasa namwambia mapema: katika klabu yetu anayepanga mwendo ni mwimbishaji.

Naongoza klabu ya jogging Temeke. Tulipoachia kila mtu afuate kifaa chake, mbio zetu za Jumapili ziliharibika. Saa ya huyu inalia, anapunguza. Ya jirani yake haijalia, anaongeza. Kabla ya nusu saa kundi limekatika vipande, na mama aliyejiunga juzi anabaki nyuma peke yake na bodaboda.

Saa siichukii, ila tujue inavyofanya kazi. Inamulika mwanga wa kijani kwenye ngozi, kisha inakadiria mapigo ya moyo kwa jinsi damu inavyopita. Mkanda ukilegea, inaweza kuhesabu hatua zako ikadhani ni mapigo. Na ule ukomo wa mapigo unaotisha watu, mara nyingi hutokana na hesabu ya 220 kutoa umri. Mwenye miaka 50 anapewa 170. Huo ni wastani wa watu wengi. Wako unaweza kupishana nao kwa mapigo 10 au zaidi. Halafu kuna joto la Dar. Mwili unapeleka damu kwenye ngozi ili ujipoze, moyo unaenda mbio zaidi kwa mwendo uleule.

Wataalamu wa mazoezi wana kipimo cha maongezi: ukiweza kuzungumza, mwendo ni wa wastani, ukitoa maneno mawili matatu ukatafuta pumzi, ni mkali. Mchakamchaka unafanya kazi hiyohiyo bila chaji. Mwimbishaji anatoa wimbo, kundi linaitikia. Safu ya nyuma ikinyamaza, mbele tunapunguza. Ndiyo maana spika za masikioni ni marufuku kwetu, mbali na kwamba honi ya daladala lazima isikike.

Vijana hunibana kwa mwanariadha wetu Simbu: Septemba 2025 kule Tokyo alishinda marathoni ya dunia kwa sekunde 0.03 tu, nawezaje kudharau saa? Nawajibu kwamba kamera ya mstarini ilipima tu. Ushindi aliupata kwa kumfukuza mpinzani wake Petros aliyekuwa mbele yake. Hata hivyo wanaojiandaa kwa marathoni wana siku yao ya katikati ya wiki, na hapo saa wanaitumia watakavyo.

Jumapili saa ya mkononi ni moja tu, ya kiongozi, ya kujua wapi tugeuze. Nyingine zisomwe nyumbani, na huko zina faida kubwa. Pima mapigo asubuhi kabla hujatoka kitandani. Yakipanda kuliko kawaida yako siku kadhaa mfululizo, pumzika. Huenda ni uchovu, au homa inakuja.

Mwenye presha au ugonjwa wa moyo amwone daktari kabla ya kuja barabarani. Baadhi ya dawa za presha hupunguza mapigo, na kwa anayezitumia namba ya saa haimwambii kama amezidisha.