Mlango Mmoja, Baraza Nyingi

Karatasi za shindano la watoto la kupaka rangi zilikuwa zimetandazwa juu ya jamvi, mwalimu akizigawa kwa umri: watoto wa maandalizi huku, wa madarasa ya chini kule. Zote zilikuwa na mchoro uleule wa mlango wa Kizanzibari. Mmoja mwekundu, mwingine rangi ya chungwa, mwingine umepakwa zambarau hata misumari yake ya shaba. Mimi nilinaswa na vitone. Ndani ya rangi kulikuwa na chunusi na mikwaruzo, na kila karatasi ilikuwa na yake.

Shindano la mtaa halina ukumbi wala meza, lakini Mji Mkongwe haukosi baraza. Watoto walipiga magoti uchochoroni, karatasi juu ya baraza, wakapaka. Krayoni ya nta ikikandamizwa kwenye karatasi nyembamba hushika palipoinuka na kuruka palipobonyea, basi sura ya baraza ikapanda mlangoni.

Mwalimu huyu wa skuli ya maandalizi anazisoma alama hizo kama hati ya mkono anayoijua. Hii, alinionyesha, imepakwa kwenye baraza ya chokaa ya zamani, iliyokaliwa na wazee na wacheza bao mpaka ikalainika: rangi imelala vizuri, ila ufa mmoja umekatiza ubao wa kushoto. Hii ni baraza iliyopigwa saruji, mchanga wake umeacha vitone vyeupe kila mahali. Ya tatu aliiinua dirishani. Juu laini, chini imeparuza. Mtoto aliangukia penye kiraka cha saruji.

Habari ya viraka hivyo wakaazi wanaijua tangu kabla mji haujaingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Chokaa huliacha jiwe la tumbawe lipumue, saruji hulifungia unyevu na chumvi mpaka plasta inabanduka. Mafundi wa uhifadhi hawachoki kulisema hilo. Lakini chokaa inataka subira, na mfuko wa saruji uko duka la jirani. Simlaumu mwenye nyumba ambaye mvua za masika zinamkaribia.

Mchoro aliuchora mwalimu mwenyewe. Kwanza aliuweka na nakshi zake zote, mawaridi, samaki na majani, akaona krayoni nene haiwezi kupita humo. Akafuta. Akabakisha mnyororo wa kwenye fremu, mfaa wa katikati na misumari mikubwa, ndipo akapeleka fotokopi. Saa aliichagua kwa hesabu hiyohiyo: alasiri, watoto wameshatoka madrasa na kivuli kimeingia uchochoroni, maana jua la mchana hulegeza nta na krayoni zinakatika mikononi. Zawadi ni madaftari na rangi. Juisi na biskuti ni za wote, aliyeshinda na aliyeshindwa, na kwa hilo hataki mjadala.

Mjadala uko kwenye alama za usafi. Majaji wengine waliziona karatasi zenye vitone kuwa chafu, wakazipunguzia alama. Mwalimu akawauliza mtoto wa miaka mitano alichaguaje baraza. Akashauriwa anunue vibao vya kuweka chini ya karatasi, vipande vya hadibodi kama vile alivyochorea mchoraji Edward Saidi Tingatinga kule Dar es Salaam kabla ya kifo chake mwaka 1972. Si ghali, na haki itapatikana.

Hapo ndipo anapokwama, nami nikakwama naye. Vibao vitawasawazisha watoto, na vitaufuta mtaa kwenye karatasi zao. Yeye anaipenda ile yenye kiraka kuliko zote, anakiri, na anajua kwamba mtoto aliyeipaka hakukusudia lolote. Je, apewe zawadi kwa kazi ya fundi wa saruji?

Nilipoondoka alikuwa ameifuta safu ya usafi kwa kalamu nyekundu. Jaji mmoja alikuwa anaidai irudishwe, na wazazi walishaanza kuulizia matokeo.