Je, Wajua? Wanawake wa Kompyuta Huvutana Juu

Je, wajua kompyuta ya ENIAC ya Marekani ilikuwa na uzito wa tani 30 hivi, na waliokuwa wakiipangia kazi ni wanawake 6? Ilipozinduliwa mwaka 1946, kwenye karamu hawakualikwa. Chama cha kimataifa cha wanawake wa teknolojia kiliwapa heshima yao mwaka 1997. Piga hesabu mwenyewe: miaka 51!

Sasa kaa vizuri, maana huyu ni moto. Stephanie Shirley aliingia Uingereza mwaka 1939 akiwa mtoto mkimbizi wa miaka 5. Mwaka 1962 akafungua kampuni ya programu nyumbani kwake kwa mtaji wa pauni 6, akiajiri akina mama walioacha kazi kwa ajili ya kulea. Barua zake za kutafuta wateja hazikujibiwa, mpaka alipoanza kutia saini "Steve"! Simu ikilia, alifungulia kanda yenye mlio wa taipureta ili mteja asisikie watoto wakipiga kelele. Unataka namba? Kati ya wafanyakazi wake 300 wa mwanzo, 297 walikuwa wanawake. Kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde kilitumia programu zao, na wafanyakazi 70 wakawa mamilionea kwa hisa zao.

Je, wajua mtandao mkubwa wa wanawake wa kompyuta ulianzia chooni? Ndiyo, chooni! Mwaka 1987 Anita Borg na wenzake walikutana humo wakati wa mkutano wa wataalamu, wakashangaa walivyo wachache, wakaamua kuandikiana barua pepe. Mwaka 1994 Borg na Telle Whitney wakaitisha kongamano lao wenyewe, wakaja watu 500. Mwaka 2018 walifika zaidi ya 20,000, na waajiri wakiwafuata hukohuko.

Usidhani ni mambo ya Ulaya na Marekani tu. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi kwenye ramani, ilizaliwa Kenya mwaka 2008, na Ory Okolloh na Juliana Rotich ni miongoni mwa waanzilishi. Mwaka 2010 mabinti wachache wa Nairobi wakaanzisha AkiraChix, inayowafundisha wasichana wasio na uwezo kuandika programu kwa mwaka mzima bila ada. Mmoja wa waanzilishi hao, Angela Oduor Lungati, baadaye akawa mkurugenzi mtendaji wa Ushahidi yenyewe. Umeona wanavyoshikana mikono?

Na hili je? Shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, lilianza mwaka 1865, likachagua mwanamke wa kwanza kuliongoza mwaka 2022: Doreen Bogdan-Martin. Shirika hilohilo huadhimisha Siku ya Wasichana katika TEHAMA kila Alhamisi ya nne ya Aprili. Una binti nyumbani? Itie alama kwenye kalenda, umpeleke.