Kanuni za Biashara Zinapozikwa Ndani ya Programu

Kila taasisi kubwa huendeshwa kwa maamuzi madogo yanayorudiwa maelfu ya mara kwa siku: nani anastahili mkopo, bidhaa ipi inatozwa kodi, malipo yapi yasubiri saini ya meneja. Kauli inayoongoza uamuzi wa aina hiyo, ikieleza hali gani ikitimia hatua gani ichukuliwe, ndiyo wataalamu wa mifumo huiita kanuni ya biashara. Kanuni hizo zilikuwapo kabla ya kompyuta, katika sheria, nyaraka za ofisi na vichwa vya makarani wazoefu; leo zimehamia ndani ya programu, na mara nyingi zimehamia bila mtu kuandika zimewekwa wapi.

Gharama ya uzembe huo huonekana siku kanuni inapobadilika. Mwishoni mwa Machi 2020, janga la korona lilipoanza kubana uchumi, serikali ya Kenya ilitangaza kushusha Kodi ya Ongezeko la Thamani, ijulikanayo zaidi kama VAT, kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia tarehe 1 Aprili, hivyo kampuni zikabakiwa na siku chache tu za kurekebisha mifumo ya mauzo na uhasibu. Kwa mtazamo wa haraka, kazi yenyewe ni kubadilisha tarakimu moja. Lakini pale ambapo waandaaji wa programu wameichomeka 16 moja kwa moja kwenye msimbo, yaani maandishi ya maelekezo ambayo kompyuta huyafuata, tarakimu hiyo huwa imetapakaa: ipo kwenye ankara, ipo kwenye ripoti ya mwezi, pengine imejificha kwa sura ya 1.16, na wala si kila 16 inayoonekana ni kodi, kwa kuwa nyingine ni idadi tu ya vipande kwenye pakiti.

Zaidi ya hayo, kanuni ina tarehe zake. Bidhaa iliyouzwa Machi na kurudishwa Mei hurekebishwa kwa kiwango cha Machi, si cha Mei; na tarehe 1 Januari 2021, kiwango cha asilimia 16 kiliporejeshwa, mfumo uliokuwa na nafasi ya kiwango kimoja tu ulijikuta tena pale pale. Dawa yake, ambayo si ngumu ila huahirishwa sana, ni kuweka viwango kwenye hifadhidata, kila kimoja na siku yake ya kuanza na ya kukoma.

Wazo la kuzitenga kanuni na programu inayozitumia si geni. Kuanzia 1978, John McDermott wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani aliitengenezea kampuni ya Digital Equipment Corporation mfumo wa XCON, uliokagua oda za kompyuta za VAX na kuamua vifaa gani viambatane. Mfumo huo uliandikwa kwa lugha iliyobuniwa na Charles Forgy wa chuo hicho hicho, ambaye pia alivumbua algoriti ya Rete, neno la Kilatini lenye maana ya wavu. Injini ya kanuni, yaani programu inayolinganisha taarifa na kanuni zilizopo, ikitumia wavu huo hukumbuka masharti ambayo tayari yametimia, badala ya kuzipitia kanuni zote upya kila taarifa moja inapobadilika.

Njia nyepesi zaidi ni jedwali la uamuzi, ambalo kila mstari wake ni kanuni moja. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Tanzania Julai 2021, ikitoka shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa, kisha ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo huo, inakaa vizuri katika umbo hilo, na mhasibu asiyejua msimbo anaweza kuisoma na kuona palipo na pengo. DMN, kiwango cha kimataifa kilichochapishwa na Object Management Group mwaka 2015, kinataka jedwali liseme pia mistari miwili ikikubali kwa pamoja, upi utangulie.

Wauzaji wa injini hizi hupenda kudai kwamba meneja atajiandikia kanuni mwenyewe na mwandaaji wa programu atapumzika. Dai hilo limetiwa chumvi. XCON ilifikisha kanuni zaidi ya 6,000 katika miaka ya 1980, takriban nusu yake zikihitaji kubadilishwa kila mwaka, na kanuni mpya iliweza kuivuruga ya zamani ambayo hakuna aliyeikumbuka. Kwa hiyo kabla ya kanuni kuanza kazi, miamala ya miezi iliyopita hupitishwa kwenye kanuni mpya, kisha mwenye kanuni, awe mkuu wa mikopo au wa kodi, akaangalia majibu yaliyogeuka na kuweka saini yake.

Kanuni iliyokoma nayo haifutwi. Mkaguzi akifungua leo ankara ya Agosti 2020 na kukuta asilimia 14, mfumo unapaswa kumwonyesha tangazo lililoiagiza, aliyeiingiza na siku aliyoiingiza.