Jicho Halidanganywi na Katuni

Mwezi Machi 2025 filamu ya Flow, iliyoongozwa na Gints Zilbalodis wa Latvia, ilitwaa Oscar ya filamu bora ya katuni. Ndani yake hamna hata neno moja la maongezi. Kuna paka, mafuriko, na wanyama wachache waliokutana katika mashua moja. Imetengenezwa kwa Blender, programu inayopakuliwa bure, kwa hiyo kijana mwenye kompyuta ya wastani Mwanza au Mombasa anaweza kushika chombo kilekile kilichotoa filamu hiyo. Tatizo ni somo la kwanza atakalokutana nalo. Mafunzo mengi ya animesheni huanza kwa kusema kwamba jicho ni zito: picha ikiingia hubaki kwenye retina kwa kitambo, inayofuata huwahi kabla ile ya kwanza haijafutika, zinaungana, na hapo mwendo huonekana. Maelezo haya yamerithiwa tangu karne ya 19 na yanarudiwa kwa sababu ni mepesi. Si ya kweli. Wala si kosa dogo la vitabuni, maana anayeyaamini hataelewa kwa nini michoro 12 kwa sekunde mara hutiririka na mara hutetemeka, wala kwa nini mkato mmoja wa mhariri hupita bila mtu kuuona na mwingine huugutusha ukumbi mzima.

Tuyapime maelezo hayo kwa masharti yake yenyewe. Kama picha zingekuwa zinabaki na kupandana, paka anayekimbia angeonekana na miguu chungu nzima, kila mmoja mahali pake. Tungepata lundo, si mwendo. Jaribio la kuamua suala hili ni la zamani. Mwaka 1912 Max Wertheimer, mwanasaikolojia aliyefanya kazi yake Frankfurt, alichapisha matokeo ya kuwaonyesha watu mistari miwili kwa zamu, mmoja hapa na mwingine pale. Kati ya mstari na mstari ukipita muda wa takriban sehemu 200 za elfu za sekunde, watazamaji waliona mmoja ukitokea, kisha mwingine. Muda ukiwa karibu sehemu 60, waliona mstari mmoja unaohama. Ukishuka hadi 30 hivi, mwendo ulitoweka na mistari yote miwili ikaonekana kwa pamoja. Hapo ndipo penye jibu: pale ambapo picha mbili zinapandana kweli machoni, mwendo unakufa. Ushahidi wa pili ulitoka Munich mwaka 1983, watafiti walipoeleza habari za mwanamke aliyeharibika sehemu ya nyuma ya ubongo, pande zote mbili. Rangi na maumbo aliyatambua, lakini mwendo hakuuona. Chai iliyokuwa ikimiminwa aliiona imeganda, na hakujua aache saa ngapi kumimina kwa kuwa hakuiona ikipanda kikombeni. Macho yake hayakuwa na shida. Mwendo, basi, haungoji tu kupokelewa na retina. Unakokotolewa, na anayepoteza kikokotoo hupoteza mwendo.

Kikokotoo hicho kinafanyaje kazi? Jibu zuri kuliko yote lilitoka kwa mdudu. Mwaka 1956 Wajerumani wawili, Bernhard Hassenstein na Werner Reichardt, walichapisha uchunguzi wao juu ya mbawakawa aitwaye Chlorophanus. Walimnatisha mgongo kwenye kishikizo ili asiende popote, wakampa miguuni tufe jepesi lililoundwa kwa vijiti vyembamba, ambalo kila baada ya hatua chache lilimfikisha kwenye njia panda. Mdudu alitembea, kilichosogea ni tufe. Kila njia panda alichagua kushoto au kulia, na kumzunguka kulikuwa na mistari ya weusi na weupe iliyoweza kuhamishwa upande wowote. Kwa kuhesabu tu njia alizochagua, wakajua mwendo gani ameuona, na kutokana na hesabu hizo wakachora mtambo mdogo ambao ni lazima uwemo kichwani mwake. Nitauita kitambuamwendo, kwa kuwa kipimamwendo tayari ni kile cha kwenye dashibodi ya gari, na mtambo huu haupimi kasi. Unatambua kitu kimeelekea wapi.

Chukua Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, na karani aliyefungiwa chumbani Magomeni, asiyeiona barabara. Kazi yake ni kusema kama kuna basi linaloelekea mjini. Ana wasaidizi wawili, mmoja kituo cha Manzese, mwingine kituo cha Magomeni. Wa Manzese akiona basi linapita, anamtuma kijana wa baiskeli na karatasi. Wa Magomeni akiona basi, anagonga dirisha la karani papo hapo. Karani anaandika kuwa basi linakwenda mjini pale tu karatasi na hodi vinapomfikia pamoja. Basi likitoka mjini kuelekea Kimara, hodi itagongwa mapema na karatasi itachelewa, naye atanyamaza. Kwa safari hiyo yupo karani wa pili, aliyepangiwa kinyume, na uamuzi wa mwisho ni tofauti kati ya hesabu zao. Uzuri wa mpango huu umo katika yale ambayo karani hayahitaji. Barabara iliyo kati ya vituo viwili haimhusu hata kidogo. Basi lingeweza kutoweka Manzese na kuibuka Magomeni bila tairi kugusa lami, naye angeandika maneno yaleyale, na angekuwa ameandika kwa haki, kwa kuwa taarifa zote mbili alizoajiriwa kuzilinganisha zimefika. Katuni ni basi hilo. Paka wa kwenye fremu ya kwanza hapiti popote kufika alipo kwenye fremu ya pili, na ubongo haukuwahi kumdai apite. Kwa hiyo sikubali msemo kwamba sinema ni hila inayotumia udhaifu wa jicho. Sinema inaupa ubongo taarifa ileile ambayo ubongo huichukua kutoka kwa paka wa kweli.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo linalonifurahisha kupita yote. Hassenstein na Reichardt walisema kwamba taarifa mbili zikikutana hazijumlishwi, zinazidishwa. Tofauti hiyo ina matokeo yanayopimika. Mwanga unaoongezeka ni chanya, unaopungua ni hasi, na chanya mara hasi ni hasi. Basi ukionyesha picha, kisha ukaisogeza kidogo kulia huku umeigeuza nyeusi kuwa nyeupe na nyeupe kuwa nyeusi, mtambo unapaswa kutangaza mwendo wa kushoto. Mbawakawa alifanya hivyohivyo, akageukia upande wa kinyume. Mwaka 1970 mtafiti Stuart Anstis akaonyesha kwamba na binadamu huona hivyo: picha imesogea kulia, macho yanasema kushoto. Nadharia ya picha kubaki kwenye retina haiwezi kulieleza jambo hili kwa njia yoyote. Gurudumu la gari la farasi kwenye filamu za zamani ni la ukoo huohuo. Fremu hadi fremu likizunguka zaidi ya nusu ya nafasi kati ya njiti mbili, njiti iliyo karibu zaidi ya kulinganishwa iko nyuma, na gurudumu linaonekana likirudi kinyumenyume.

Mtu atauliza: kama retina haibakizi kitu, mbona hatuoni giza linalopita kati ya fremu na fremu? Inabakiza, na kazi yake ni hiyo tu, kuficha kumweka kwa taa. Ndiyo maana projekta za filamu huikatiza kila fremu mara 2 au 3, zikatoa mimweko 48 au 72 kwa sekunde kutoka kwenye fremu 24 zilezile; mwendo haubadiliki, kumweka kunatoweka. Na hizo 24 zenyewe zilikubaliwa kwa ajili ya sauti, filamu zilipoanza kusema mwishoni mwa miaka ya 1920.

Wachoraji wa katuni walikuwa wameshakijua kitambuamwendo kwa mikono yao. Mara nyingi mchoro mmoja hukaa fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde, na vitambuamwendo vinaridhika mradi hatua ni fupi. Hatua ikirefuka mno, jozi ya taarifa inapotea na mtazamaji anaona mitetemo. Katika The Dover Boys ya 1942 Chuck Jones alilitatua hilo kwa kumnyoosha mhusika kwenye mchoro mmoja, mwili ukawa utepe wa rangi kutoka alipokuwa hadi anapokwenda, na pengo likazibika. Spider-Man: Into the Spider-Verse ya 2018 iligeuza kanuni hiyo kuwa hadithi: wahusika wake wawili wanapopepea msituni, Peter aliye mzoefu amechorwa kila fremu na Miles anayejifunza kila fremu mbili, na uchanga wa Miles unaonekana mwilini kabla hajakosea lolote.

Wapo wanaodai kwamba kwa hoja hii fremu zikiongezeka filamu itazidi kuwa bora. The Hobbit ya 2012 ilionyeshwa katika baadhi ya kumbi kwa fremu 48 kwa sekunde, na wengi walilalamika kwamba mandhari yamegeuka jukwaa la studio. Karani mwenye taarifa za kutosha hahitaji za ziada. Ndiyo maana televisheni inayobuni fremu za katikati inaiharibu katuni: inafuta miachano ambayo mchoraji aliipanga.

Mkato wa mhariri ni kinyume cha haya yote, kwa kuwa hapo mwendo hautakiwi. Kanuni ya wahariri kwamba kamera izunguke angalau nyuzi 30 kati ya picha mbili za mtu yuleyule hufundishwa kama adabu ya kazi, lakini inatii mtambo uleule. Kamera ikihama kidogo tu, pua iko karibu na ilipokuwa, vitambuamwendo vinashika jozi, na mtu anaonekana ameruka. Ikihama vya kutosha, hakuna kinacholingana na kingine, mwendo hautangazwi, na mtazamaji anapokea kwamba sasa anatazama kutoka mahali pengine. Mwongozaji Jean-Luc Godard aliivunja kanuni hiyo kwa makusudi katika À bout de souffle ya 1960. Mwigizaji Jean Seberg ameketi kwenye gari la wazi, kamera iko nyuma yake, mkato unafuata mkato, mitaa ya Paris inabadilika kabisa na haisumbui. Kinachoshtua ni kichwa chake, kwa sababu karibu hakijasogea.