Kukodisha Vitundu vya Mwamba

Mkulima wa North Dakota, Marekani, anaijua hesabu ya mafuta: kinachotoka ardhini hupimwa kwa pipa, na mwenye haki hulipwa mrabaha. Siku hizi hodi inapigwa na mawakala wasiotaka kutoa kitu, bali kuingiza. Wanakodi vitundu vilivyomo ndani ya mwamba, karibu kilomita 2 kwenda chini, ili wavisindilie hewa ukaa isirudi tena juu.

Usifikirie pango. Chukua kipande cha jiwe la mchanga ukidondoshee maji. Tone linazama huku unaliangalia. Katika mwamba mzuri wa aina hiyo, nafasi baina ya chembe huweza kufika asilimia 20 ya ujazo wote, na huko chini zimejaa maji ya chumvi kali. Kuanzia kina cha mita 800 hivi, mgandamizo huifanya hewa ukaa iwe nzito karibu kama kimiminika, kwa hiyo tani nyingi huenea mahali padogo. Juu yake lazima pawe na tabaka lisilopenyeka, la sivyo itapanda. Huko Richardton, kiwanda cha ethanoli cha Red Trail Energy kilianza kazi hiyo mwaka 2022.

Vitundu ni vya nani? Wyoming ilitamka kwa sheria mwaka 2008 kwamba ni vya mwenye ardhi ya juu. North Dakota ikafuata mwaka 2009, ikakataza pia kuvitenga na ardhi hiyo na kuviuza peke yake. Katazo hilo si dogo, maana huko haki ya madini huuzwa mbali na shamba, na wapo wengi wanaolima ngano juu ya mafuta ya mtu mwingine.

Tatizo ni kwamba gesi haijui mpaka wa shamba. Ikishasindiliwa husambaa taratibu hadi kwa majirani, pamoja na jirani aliyekataa kutia saini. North Dakota imeamua hivi: wenye asilimia 60 ya vitundu vya eneo husika wakikubali, tume ya jimbo inaweza kuwajumuisha waliobaki, mradi walipwe fidia ya haki. Mimi naona kiwango hicho ni cha chini mno kwa jambo la kudumu namna hii.

Halafu pesa. Tuchukue mfano wa kukadiria tu: ekari 1, mwamba wenye unene wa mita 50, nafasi asilimia 20. Hapo pana nafasi ya mita za ujazo zipatazo 40,000, lakini maji ya chumvi hayaondoki yote. Tuseme gesi inashika sehemu ya ishirini yake. Hiyo ni takriban tani 1,400. Tangu sheria ya mwaka 2022, serikali ya Marekani hutoa nafuu ya kodi hadi dola 85 kwa kila tani inayozikwa hivyo, kwa miaka 12. Ekari hiyo moja basi inagusa dola zipatazo 120,000. Kampuni ina gharama kubwa, hasa ya kuinasa gesi yenyewe, na hakuna wa kubisha. Lakini mwenye shamba anayepewa kitita cha mara moja kwa kila ekari afanye kwanza hesabu hii, kisha aulize kwa nini asilipwe kwa tani.

Aulize pia kuhusu muda. Usindiliaji ukikoma, gesi hubaki mali ya kampuni, na madhara yakitokea kampuni ndiyo inayowajibika. Miaka isiyopungua 10 baadaye, ikithibitika kwamba gesi imetulia, jimbo hutoa cheti, na hapo umiliki na ufuatiliaji vyote huhamia kwa jimbo. Kampuni imeshaondoka. Kama mkataba haukusema nani atalipia kisima cha maji kikiharibika kabla ya cheti hicho, au kama kampuni inaweza kuushikilia mkataba miaka nenda miaka rudi bila kusindilia hata tani moja, wakili aitwe kabla ya kalamu kugusa karatasi.