Geji Mpya Katika Land Rover: Hatari I Nyuma ya Dashibodi

Taa nyekundu ya oili humwonya dereva pale tu shinikizo la oili linapokuwa limekwisha kushuka mno. Mara nyingi injini huwa i karibu kuharibika. Kwa sababu hiyo madereva wengi wa Land Rover waendao safari za mbali huongeza katika dashibodi geji ya umeme yenye mshale, ambayo huonyesha upungufu ungali mdogo.

Kazi hii yataka uangalifu. Kwanza, umeme wa gari ujulikane. Katika Land Rover nyingi za kiraia zilizoundwa kabla ya mwaka 1967, upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye mwili wa gari, kinyume cha magari ya leo. Na baadhi ya zile za kijeshi hutumia volti 24. Geji ya volti 12 ikifungwa humo yaweza kuungua.

Pili, betri ifunguliwe kabla ya kugusa waya wowote. Tundu litobolewalo katika bati litengalo injini na dereva livikwe pete ya mpira; pasipo hiyo, mtikisiko wa barabara mbovu hukwangua waya hata shaba ikagusa bati, na moto ukazuka. Fyuzi iwekwe karibu na mahali umeme unapochukuliwa, wala si nyuma ya geji.

Mwisho, injini iwashwe, na kiungo cha oili kiangaliwe kisivuje.

Geji hupendeza macho. Lakini salama ya waliomo garini imo katika waya usioonekana.